"Binti, mlango huu mtaufunga lini?"

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu matuta na kuta za kuzuia mafuriko zinazojengwa kwa fedha za umma. Kazi hiyo nimeifanya miaka thelathini na kidogo, mingi nikiwa Morogoro na Pwani. Barua ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, nisameheni. Nyingine nitazipitia haraka.

"Mama Mhandisi, salaam. Kijiji chetu kiko kando ya mto, mkoani Morogoro. Serikali imetuletea mradi wa tuta na tunashukuru. Kazi ilianza mwishoni mwa Agosti. Tuta la zamani limekatwa sehemu tatu ili yawekwe makalavati ya kutoa maji mashambani. Sasa ni Novemba, mawingu yanajikusanya milimani, na mitambo imesimama wiki ya tatu. Mkandarasi anasema hajalipwa. Nilipouliza kwenye kikao niliambiwa nisiwe na wasiwasi, vihatarishi vyote vimo kwenye rejista, ile orodha ya hatari za mradi. Maji yakipita hapo, anawajibika nani?" (Mwenyekiti wa kijiji)

Mwenyekiti, salaam sana. Swali lako nitalijibu, lakini kwanza kuna jambo la kufanya leo hii. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mhandisi msimamizi wa mradi, nakala kwa Mkuu wa Wilaya, nakala kwa Ofisi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Usizungumzie malipo ya mkandarasi, hayo yana wenyewe. Omba jambo moja tu: mapengo yote matatu yafungwe kwa tuta la muda, kimo kile kile cha tuta la zamani, kabla mvua haijashika. Taja idadi ya kaya zilizo nyuma ya kila pengo. Ambatisha picha za simu, na tarehe ionekane. Barua ikishapokelewa na kugongwa muhuri, hakuna atakayeweza kusema hakujua.

Nitakueleza kwa nini nina haraka hivi.

Desemba 1997 nilikuwa mhandisi kijana, msaidizi wa mhandisi mkazi, kwenye tuta la mto ambao sitautaja. Tulikata tuta la zamani upana wa mita 12 tu ili tujenge kalavati la boksi. Nondo za kifuniko zikachelewa. Kila asubuhi nilifika pale na daftari langu, napima, naandika, naondoka. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi juu ya tuta akaniuliza, "Binti, mlango huu mtaufunga lini?" Nikamjibu, "Wiki ijayo, babu." Sikumdanganya, ratiba ndivyo ilivyosema. Aliangalia milima, akatikisa kichwa, akaswaga mbuzi wake.

Mvua zile ndizo zile za El Niño. Usiku wa siku ya nne mto ulipanda. Nilifika alfajiri na tochi, na kabla sijaona kitu nilisikia udongo ukianguka majini, kipande baada ya kipande, kama magunia yanayotuliwa chini. Pande mbili za mkato tulikuwa tumeziacha wima. Hatukuzilaza, hatukuzivika mawe, kwa sababu kichwani mwetu zilikuwa za wiki mbili tu. Maji yalikuwa yanakula kuanzia chini. Juu kinabaki kipande kinachoning'inia na majani yake, halafu kinashuka chote. Ilipofika saa nne asubuhi zile mita 12 zilikuwa zimekaribia 60. Kalavati letu lilisimama katikati peke yake, zima kabisa, halina hata ufa, na mto unapita pande zote mbili.

Hakufa mtu. Vitongoji viwili vilipoteza mahindi yote na nyumba nyingi za udongo ziliyeyuka. Yule mzee nilimkuta siku ya tatu kwenye darasa la shule walikohifadhiwa. Nilimwamkia, akaitikia, tukakaa kimya. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na ukimya ule naubeba mpaka leo. Tangu hapo pengo kwenye tuta naliita mlango, na swali lake ndilo la kwanza ninalouliza kwenye kila mradi.

Sasa turudi kwenye hiyo rejista ya vihatarishi. Nimesoma nyingi. Mstari wa mafuriko kwa kawaida unasomeka hivi: mafuriko wakati wa ujenzi, uwezekano wastani, athari kubwa, mkandarasi achukue tahadhari stahiki. Mstari huo hauna jina la mtu, hauna tarehe, hauna shilingi. Mstari unaostahili kuitwa mstari unataja pengo lenyewe, kwa mfano kilomita 4+200, yaani mita 200 baada ya kilomita ya nne. Unataja fulani bin fulani wa upande wa mkandarasi na namba yake ya simu. Unasema pengo litafungwa kabla ya tarehe fulani ya Oktoba, kazi iwe imekwisha au haijakwisha. Unasema lundo la udongo wa mfinyanzi limewekwa wapi, viroba vya mchanga vingapi vimejazwa tayari, katapila lipi halihami eneo hilo na lina dizeli ya siku ngapi. Unasema maji yakifika alama gani kwenye kipimo cha darajani huko juu kazi inasimama, na nani ana ruhusa ya kuamuru pengo lifungwe saa nane za usiku bila kusubiri barua ya mtu. Mwishoni unasema fedha ya hayo yote inatoka kwenye kifungu gani cha mkataba. Nenda ukaombe kuusoma mstari wenu. Ni haki yenu, tuta ni lenu.

Kuhusu nani anawajibika. Kwenye mikataba ya mtindo wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), ambao miradi mikubwa mingi hapa kwetu inaufuata, mkandarasi ndiye mwenye jukumu la kuitunza kazi mpaka siku ya kukabidhi. Mto ukipanda kama unavyopanda kila masika, hilo ni lake; mkandarasi mzoefu alipaswa kulitarajia na kuliwekea bei. Ni nguvu ya asili isiyotarajiwa, ambayo hata mzoefu asingeweza kujikinga nayo, ndiyo inayorudi kwa mwenye mradi.

Lakini mikataba hiyo hiyo inasema jambo jingine. Mkandarasi asipolipwa kwa wakati ana haki ya kutoa notisi ya siku 21 kisha akasimamisha kazi. Fikiria hapo, Mwenyekiti. Mhasibu anachelewesha hati ya malipo mjini, na mto mita kumi kutoka kwenye nyumba ya mama mjane unabaki na mlango wazi, kihalali kabisa. Kuchelewa kulipa kwenye barabara kunaleta vumbi na riba. Kwenye tuta kunaleta maji ndani. Kwa hiyo mimi nasema waziwazi: kihatarishi cha malipo hakiwezi kubebwa na mkandarasi, hata mkataba uandikwe kwa wino wa dhahabu. Anayeweza kukiondoa ni mwenye mradi peke yake. Kama fedha yote haijafika, basi ilipwe kwanza ile ya kufunga mapengo.

Na kuna mzizi mwingine ambao hausemwi kwenye vikao. Mwaka wetu wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Bajeti inapita, zabuni inatangazwa, tathmini, majadiliano, sahihi. Mkataba unasainiwa Septemba au Oktoba, mkandarasi anapiga kambi, vuli inabisha hodi. Kiangazi, yaani ile miezi ya Juni mpaka Oktoba ambayo udongo unashindilika vizuri na mto uko chini, kimeisha kwenye makaratasi. Mradi wa tuta inabidi uhesabiwe kinyumenyume: masika yanapoisha mitambo iwe imeshafika, kwa hiyo zabuni ifanyike mwaka wa fedha uliotangulia. Na kama umechelewa, usikate tuta la zamani. Jenga sehemu zisizogusa mto, chimba mitaro ya mashambani, kusanya mawe, subiri kiangazi kijacho. Kumwambia mkubwa "tusubiri" ni kugumu, najua, hasa kama tarehe ya uzinduzi imeshatangazwa. Nimemwambia mara tatu kazini kwangu, na mara moja ilinigharimu nafasi. Ningemwambia tena.

Wewe uko mkoa ambao hauhitaji kuhadithiwa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 tuta la mto Mkondoa lilishindwa pale Kilosa, maelfu wakakosa makazi, na reli ya kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Waulize wazee walioishi kwenye mahema watakwambia tuta lililoachiwa upenyo linafanya nini.

"Shikamoo Mama Mhandisi. Mimi ni mhandisi wa miaka minne kazini, niko Dodoma, nimepewa kuandaa nyaraka za zabuni za ukuta wa kuzuia mafuriko. Bosi anataka kifungu kinachosema mkandarasi anabeba hali yote ya ardhi, hata isiyojulikana, ili Serikali isidaiwe nyongeza. Mimi naona kuna kitu hakijakaa sawa ila nashindwa kukieleza." (Mhandisi kijana)

Marahaba, mwanangu. Hisia yako ni sahihi, tuipe maneno.

Kifungu hicho hakiondoi udongo mbovu. Udongo utabaki pale pale ulipo, chini ya ukuta. Kinachobadilika ni nani atauona na kunyamaza. Mkandarasi makini atajaza bei ya woga na atakosa kazi. Atakayeshinda ni yule ambaye hakuwaza. Huyo akifukua akakuta matope laini ya mita mbili ambayo hayakuwemo kwenye ripoti, ana njia mbili: kuyatoa kwa hasara yake, au kuyafukia jioni kabla msimamizi hajarudi. Wewe uliyeandika kifungu ndiye uliyemweka kwenye njia panda hiyo.

FIDIC ya kawaida ina busara zaidi. Mkandarasi akikutana na hali ya ardhi ambayo mzoefu asingeweza kuitarajia siku ya zabuni, anaeleza mara moja na anapewa muda na gharama. Kwa hiyo ana sababu ya kusema. Kwenye tuta na ukuta wa mto, mkandarasi anayesema ni mali.

Mwonyeshe bosi wako kisa cha New Orleans, Marekani. Tarehe 29 Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipopiga, ukuta wa mfereji wa 17th Street ulianguka wakati maji hayajafika juu yake. Haukuzidiwa kimo. Chini yake kulikuwa na tabaka la udongo laini, na ukuta ulipoinama kidogo ukafunguka ufa upande wa maji, maji yakashuka ndani, kipande kizima kikateleza kuelekea majumbani. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba udongo wa chini ya ukingo wa nje wa tuta ulikuwa dhaifu kuliko ule wa chini ya katikati, uliogandamizwa miaka mingi na uzito wa tuta lenyewe, na hesabu za usanifu hazikuutenganisha. Kulikuwa na mashimo ya uchunguzi. Hayakuwa ya kutosha, na hayakuwa mahali pote palipohitajika.

Kwa hiyo dai hili, mwanangu: fedha ya uchunguzi wa ardhi itumike kabla ya zabuni, na mashimo yachimbwe katikati ya mstari wa ukuta na pia kwenye kingo zake zote mbili. Yasogezwe karibu karibu pale ambapo mto wa zamani ulipita kabla haujahama. Hapo waulize wenyeji, hakuna mtambo unaowashinda. Bibi mmoja aliwahi kunionyesha kwa fimbo yake mahali alipokuwa akichota maji akiwa msichana, mita 80 kutoka mto ulipo leo. Tukachimba pale. Mchanga mtupu mpaka mita tano. Ripoti ilikuwa imeliita eneo lote hilo "mfinyanzi mgumu".

Halafu weka kwenye makadirio kiasi cha tahadhari kwa ajili ya ardhi, kibaki mikononi mwa mwenye mradi, kitumike tu mhandisi akishathibitisha kilichoonekana. Bosi anaogopa nyongeza isiyo na mwisho, na woga wake ni wa haki. Kiasi chenye ukomo na masharti kinamtuliza kuliko kifungu cha kubebesha.

Jambo moja la pembeni, kwa sababu wewe uko Dodoma kwenye ukame. Tuta linaweza kuanguka kiangazi. Agosti 2003, kijijini Wilnis, Uholanzi, tuta la udongo wa mboji lilikauka kwa jua kali, likapungua uzito, maji ya mfereji yakalisukuma likateleza. Hapakuwa na mvua. Matuta yetu hayajengwi kwa mboji, lakini udongo mweusi wa mbuga unapasuka mpaka mkono unaingia. Ukiuona kwenye machimbo yako, ukatae.

"Mama, mimi ni mkandarasi wa daraja la tano, Mwanza. Mvua imenisimamisha siku 23 kwenye kazi ya mfereji na kuta za mawe. Nimeomba muda wa nyongeza nimenyimwa, eti nimechelewa kutoa taarifa na mvua ni ya kawaida. Nifanyeje?" (Mkandarasi)

Ndugu yangu, pole. Hili ni fupi na halitakufurahisha. Kwenye mikataba mingi ya mtindo wa FIDIC unatakiwa kutoa notisi ndani ya siku 28 tangu ujue tukio. Ukipitisha, haki inapotea hata kama mvua ilikuwa ya gharika. Soma kifungu chako, pengine siku ni nyingine.

Kama bado umo ndani ya siku, usiandike "mvua kubwa". Chukua takwimu za kituo cha karibu cha Mamlaka ya Hali ya Hewa, miaka kumi au ishirini ya mwezi huo huo, uzilinganishe na zako. Mvua ya kawaida ya Aprili ulipaswa kuiweka kwenye ratiba, na hapo msimamizi wako ana hoja. Weka kopo la kupimia mvua kambini kuanzia leo, lisomwe saa tatu kila asubuhi, wewe na karani wa msimamizi mtie sahihi pamoja. Nimeona madai makubwa yakiamuliwa kwa daftari la shilingi elfu mbili.

"Naishi karibu na bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Tunaambiwa miradi inajengwa kuhimili mafuriko ya miaka 50 au 100. Maana yake tukishajengewa tutapumzika miaka 50?" (Mkazi)

Hapana, na naomba maafisa wanaokwenda kwenye mikutano ya mitaa waache kulisema hivyo bila maelezo. Mafuriko ya miaka 50 ni yale yenye nafasi ya asilimia 2 kutokea mwaka wowote. Yanaweza kuja mwaka huu, na mwakani yakaja tena. Ukikaa nyuma ya ukuta wa namna hiyo miaka 25, nafasi ya kuyaona angalau mara moja ni kama asilimia 40. Kwa ukuta wa miaka 100, ukikaa miaka 30, ni kama asilimia 26. Si nafasi ndogo kwa mtu anayelea watoto hapo.

Hesabu hiyo hiyo itumieni kwa kazi za muda. Mkandarasi akijenga tuta la muda la kuhimili mafuriko ya miaka 10 na mradi ukapita mvua za miaka miwili, ana nafasi ya asilimia 19 ya kuzidiwa. Karibu moja kwa tano. Muulizeni anahimili mangapi.

Msimbazi wenyewe unashuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, na mafuriko ya Desemba 2011 jijini yaliua zaidi ya watu 40. Baadhi ya waliopona wakahamishiwa Mabwepande. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ulioidhinishiwa mkopo wa dola milioni 200 na Benki ya Dunia mwaka 2022, haukutegemea ukuta peke yake. Unauachia mto nafasi, watu wanalipwa fidia wahame, daraja la Jangwani linainuliwa. Naipenda njia hiyo. Lakini kihatarishi chake kikubwa hakiko kwenye zege, kiko kwenye fidia. Nyumba moja isiyolipwa katikati ya mstari inasimamisha mitambo, na familia iliyolipwa kwa kuchelewa inakuwa imeshindwa kununua hata kiwanja ilichokilenga kwa sababu bei imepanda. Nyaraka zako za kiwanja na za uthamini zitunze mahali pa juu, pakavu, na nakala iwe kwa ndugu anayeishi mbali na bonde.

"Hujambo Mama. Mimi ni mkulima huku Budalang'i, Kenya, kando ya mto Nzoia. Matuta yetu yalibomoka 2008, yakabomoka 2011. Yanakarabatiwa, wakubwa wanakuja na kamera, halafu hatuoni mtu tena. Mradi ukiisha hatari inakuwa ya nani?" (Mkulima)

Sijambo, ndugu yangu. Nimewahi kusimama juu ya matuta yenu. Upande mmoja mto, upande wa pili paa za nyumba, na macho yananiambia kwamba mto uko juu kuliko paa. Nzoia unaleta udongo kutoka Cherang'ani na Elgon, unauacha kati ya matuta, kitanda cha mto kinainuka, na kimo mlichojengewa kinapungua bila mtu kukigusa. Mwaka 2020 Ziwa Victoria nalo lilipanda mpaka kuvunja rekodi ya 1964, likawabana kutoka chini. Tuta la namna hiyo halikabidhiwi na kusahauliwa.

Kwa karatasi, baada ya kukabidhi kuna kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mmoja, ambapo mkandarasi anarekebisha kasoro na sehemu ya fedha yake imezuiwa. Kipindi hicho kingepaswa kupita kwenye msimu mzima wa mvua, wa masika na wa vuli. Kama ni kifupi na kiangazi kimemeza nusu yake, tuta halijajaribiwa. Baada ya hapo hatari ni ya mwenye tuta, yaani Serikali, na ndipo bajeti inapokauka, kwa sababu ukarabati hauna utepe wa kukata.

Derna, Libya, kulikuwa na mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 kuulinda mji na mafuriko ya bonde lake. Mkataba wa kuyakarabati ulitolewa 2007, kazi ikaanza baadaye, ikakatishwa na machafuko ya 2011, haikurudiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 yakapasuka yote mawili na maelfu wakafa wakiwa vitandani. Kila nikiandika sentensi hiyo naweka kalamu chini kwanza.

Msiwasubiri wakubwa na kamera. Undeni kundi la watu wanne wanne, mgawane tuta kilomita kwa kilomita, mlitembee kila wiki, na mvua zikianza kila siku. Tembeeni chini, upande wa makazi, si juu ambako njia ni nzuri. Tafuteni mashimo ya panya na fuko, vichuguu vya mchwa, mti uliootea kwenye mteremko, mahali ng'ombe wanapovukia pakawa na bonde. Angalieni zaidi pale kalavati linapopita ndani ya tuta, kwa sababu pembeni ya zege roli la kushindilia haliingii vizuri na maji hupenda kuufuata mstari huo. Andikeni kwenye daftari, mpige picha, mpeleke kwa afisa wa maji wa kaunti, mbaki na nakala.

Mkiona maji yanatoka chini ya tuta upande wenu, yachoteni kwenye glasi au chupa angavu, myatulize kidogo, myaangalie kwenye mwanga. Yakiwa safi, wekeni alama ya kijiti na mrudi baada ya saa moja. Yakiwa na matope au mchanga unaozunguka, tuta linaliwa kwa ndani. Msilizibe hilo tundu. Maji yatatafuta njia nyingine msiyoiona. Lizungushieni viroba vya mchanga kama kisima, tabaka juu ya tabaka, mpaka maji yanayosimama ndani yatoke safi. Wakati wawili wanapanga viroba, wa tatu anapiga simu, wa nne anagonga milango ya nyumba za chini, akianzia na za wazee.